Injini ndogo za tabo: cc 1200 inanusa mafuta kweli, ila ina masharti yake

Mleta uzi

Wakuu salaam.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakishatangaza bei mpya za mafuta, simu yangu inaanza kuita. Ndugu, jirani, mtu niliyesoma naye zamani: "Eti ile gari yako ndogo ya tabo (turbo) inanusa mafuta kweli, yaani inakula kidogo? Nichukue?" Nimejibu kwa simu mpaka nimechoka, na kila nikikata nakumbuka jambo la maana ambalo sikulisema. Leo naandika yote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka arudi jioni.

Mimi si fundi. Nakaa Mbezi, nafanya kazi Posta, na huu ni mwaka wa nne naendesha hatchback ya cc 1200 yenye tabo, ya zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silenda. Kabla yake nilikuwa na Toyota IST ya cc 1500 kwa miaka sita. Zote mbili nimeziandikia daftari: najaza tenki mpaka juu, naandika kilomita, nikijaza tena nagawanya kilomita kwa lita. Jina la gari ya sasa naliacha, maana iliwahi kuniharibikia vibaya na kosa lilikuwa langu.

Kwanza tuelewane kuhusu cc, yaani ujazo wa silenda zote, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu akisoma 1200 kwenye kadi anadhani amenunua Vitz. Injini ya petroli inakula kwa kadiri ya hewa inayovuta: gramu 1 ya petroli inataka kama gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Vitz inavuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, basi. Injini yenye tabo inasukumiwa hewa kwa feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Ukikanyaga mafuta, silenda zilezile ndogo zinajazwa hewa kama ya injini ya cc 1800 au zaidi, na kompyuta inapuliza petroli ya kulingana na hewa hiyo. Kwa hiyo umenunua injini mbili. Ya cc 1200 ipo muda wote mguu wako ukiwa mwepesi. Ile kubwa inaamka ukikanyaga, na ikiamka inakula kama kubwa.

Sasa faida inatoka wapi? Injini kubwa ikitembea taratibu, mlango wa hewa unakuwa umefungwa karibu wote, na pistoni zinavuta kwa shida kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija uliokunjwa. Nguvu inapotelea hapo. Injini ndogo kwa mwendo uleule inabidi ifungue mlango zaidi, inapumua vizuri, na chuma kinachosuguana ndani ni kidogo. Magari yetu ya mjini yanatembea taratibu sehemu kubwa ya maisha yake, kwa hiyo ndipo lita zinapookolewa.

Na kwa nini petroli ipulizwe ndani ya silenda? Mkumbuke spiriti anayopakwa mgonjwa kabla ya sindano, ngozi inapoa ghafla. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya silenda inapoza hewa kwa namna hiyohiyo. Hewa iliyosukumwa na tabo ni ya moto, na hewa ya moto inafanya injini igonge, yaani mchanganyiko ujiwakie wenyewe kwa kishindo. Ikipozwa palepale, mtengenezaji anaweza kuweka tabo na bado akabana mchanganyiko kwa nguvu, na hapo kila tone linatoa kazi zaidi. Gharama yake ni presha. Mfumo wa kawaida, kama wa IST, unasukuma petroli kwa bar 3 au 4 hivi. Huu unatumia bar 100 hadi 200, na wa miaka ya karibuni unafika 350. Tairi la gari ndogo linajazwa kama bar 2.2, mpate picha. Kuna pampu ya pili juu ya injini, inazungushwa na kamshafti (mhimili unaofungua valvu), na pampu hiyo haipendi maji wala uchafu kwenye mafuta.

Dar tulishaifahamu nusu ya teknolojia hii, ile ya kupuliza petroli ndani ya silenda. Mitsubishi walileta Galant ya GDI mwaka 1996. Toyota wakaja na D-4, mkaiona kwenye Noah na Voxy za injini ya 1AZ-FSE, na Crown ya cc 2500 yenye 4GR-FSE ni ukoo huohuo. Hizo hazina tabo. Kilichofuata ni kupunguza injini na kuongeza tabo. Volkswagen walianza na TSI ya cc 1400 mwaka 2005, halafu ikaja ya cc 1200. Ford wakatoa EcoBoost ya lita 1.0, silenda tatu, mwaka 2012, ikawa injini bora ya mwaka duniani mara tatu mfululizo, 2012, 2013 na 2014. Toyota wenyewe wakaingia mwaka 2015 na 8NR-FTS ya cc 1200, ndiyo hiyo mnaiona kwenye C-HR isiyo ya haibridi.

Angalieni tofauti ya nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm: injini ya 1NZ ya IST inatoa Nm 141, na mpaka mzunguko ufike 4200 kwa dakika. Hiyo Toyota ya cc 1200 inatoa Nm 185 kuanzia mzunguko wa 1500. Ndiyo maana ukipanda mlima wa Kimara na abiria wanne na AC inawaka, huhitaji kuifanya injini ilie.

Daftari langu linasema hivi. Mbezi–Posta kwa foleni, IST ilinipa kilomita 10 kwa lita. Hii inanipa 12 hadi 12.5. Safari ya Morogoro kwa mwendo wa 80 hadi 90, nikiheshimu vibao vya 50 na matochi, IST ilikuwa 15, hii inafika 18. Lakini siku moja nilichelewa msibani Dodoma, nikaikimbiza 120 na zaidi kila nilipopata nafasi, abiria watano na mizigo. Nilipata 12. IST kwa kukimbizwa vile isingeshuka hivyo. Sababu ni kwamba tabo ikibanwa muda mrefu, kompyuta inaongeza petroli ya ziada kwa ajili ya kupoza tu, ili ekzosi na tabo visiungue. Petroli hiyo haikusogezi hata hatua moja.

Naweka nukta kwa sasa, nitaendelea na upande wa uharibifu. Karibuni.

Mdau, Tabata

Mkuu uzi mzuri. Ila hesabu ya pesa ikoje? Kilomita 2 za ziada kwa lita ni nini?

Mleta uzi

Chukua kilomita 1,000 kwa mwezi, na tuseme lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Kwa kilomita 10 kwa lita unatumia lita 100. Kwa 12.5 unatumia 80. Ni shilingi 60,000 kwa mwezi, laki 7 na 20 kwa mwaka. Si pesa ndogo kwa mwenye familia. Lakini oili ninayoweka sasa inanigharimu kama mara mbili ya ile ya IST, kwa hiyo toa hapo. Kinachobaki bado ni faida, mradi usiharibu injini. Mimi niliiharibu, na nikalipa milioni 2 na laki 7. Piga mwenyewe hesabu ni miaka mingapi ya akiba ile.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa kwanza nilifuata mazoea ya IST. Oili ya dumu, nzito, ya bei nafuu, namwaga nikikumbuka. Asubuhi moja napanda Kimara, gia iko juu, mzunguko chini ya 1800, nikakanyaga ili nilipite daladala. Nikasikia mlio mmoja, kama mtu kapiga jiwe kwenye bloku. Mmoja tu. Taa ya injini ikaanza kumweka, gari ikatetemeka. Fundi alipofungua alikuta pistoni ya silenda ya 3 imevunjika pale zinapokaa ringi.

Nilikwenda kusoma mpaka nikaelewa. Injini hizi zikibebeshwa mzigo mzito kwa mzunguko mdogo, matone ya oili yanayojificha pembeni ya pistoni yanaweza kuwasha mchanganyiko kabla plagi haijatoa cheche. Pistoni bado inapanda, moto unaisukuma chini. Mlipuko mmoja wa namna hiyo unatosha kuvunja chuma. Na uundwaji wa oili unachangia: zenye dawa ya kalsiamu kwa wingi zinaleta tatizo hili zaidi. Ndiyo sababu mwaka 2018 kikaja kiwango cha oili cha API (taasisi ya petroli ya Marekani) kiitwacho SN Plus, na mwaka 2020 kikaja API SP, vyote vikiwa na jaribio mahususi la jambo hili. Kwa hiyo mnaponunua oili Kariakoo, geuzeni dumu msome alama. Msiishie kwenye picha ya gari ya mbio iliyobandikwa mbele.

Fundi, Buguruni

Nashika wrenchi mwaka wa 22 huu. Unachosema kuhusu pistoni nimekiona kwa macho, mara tatu. Ila hapo kwenye oili nzito nina neno. Dar ni joto. Hizi 5W-30 na 0W-20 zimetengenezwa kwa nchi za baridi. Mteja akija na gari imechoka namwekea 20W-50, moshi unapungua, anaondoka anafurahi.

Mleta uzi

Shikamoo fundi, na asante kwa kuja. Naomba nikujibu kwa heshima.

Ile namba ya kwanza yenye W ndiyo ya baridi. Ya pili inapimwa oili ikiwa nyuzi 100, na injini iliyopata moto inakaa karibu na hapo, iwe Dar au Ulaya, kwa sababu kuna thamostati. Joto letu la nyuzi 32 linaongeza kidogo tu. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Asubuhi ukiwasha, 20W-50 inachelewa kufika kule juu, na sekunde hizo tabo inazunguka kavu. Kisha vifaa vya kukaza cheni na vya kurekebisha valvu vinaendeshwa kwa presha ya oili ipitayo kwenye vitundu vyembamba. Kwa injini iliyochoka inayotoa moshi nakuelewa, mteja anataka afike mwisho wa mwezi. Kwa injini nzima, naomba tufuate kitabu cha gari.

Fundi, Buguruni

Hapo kwenye tabo sikupingi. Nakubali, ikiwa nzima tusiiguse. Ila waambie na muda wa kumwaga. Wanakuja na kijitabu kimeandikwa kilomita 15,000 wanang'ang'ania. Kwa foleni ya Mandela hiyo oili inakuwa lami.

Mleta uzi

Kweli kabisa fundi. Kilomita 15,000 za barabara kuu na 15,000 za kutoka Ubungo mpaka Buguruni kwa saa nzima ni vitu viwili. Injini inazunguka, kilomita hazisogei. Mimi namwaga kila 5,000, na chujio kila mara.

Mdau, Sinza

Mimi nina Crown 2500. Fundi kaniambia valvu zina kaboni. Nimeweka kile kichupa cha kusafishia kinachouzwa sheli, mara nne, hakuna kitu. Tabo sina, ila naona mada inanihusu.

Mleta uzi

Inakuhusu moja kwa moja. Kwenye IST petroli inapulizwa nyuma ya valvu, kwa hiyo valvu inaoshwa kila siku. Kwako na kwangu petroli inaingia silenda bila kugusa valvu ya hewa. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye injini unagandia pale, unaiva, unakuwa ukoko. Hicho kichupa kinachanganyika na petroli, na petroli haipiti hapo. Kitasafisha nozeli, hilo sawa, lakini kaboni ya valvu hakitaigusa hata ukiweka vichupa mia.

Dawa ni kufungua manifoldi ya hewa (mabomba ya kuingizia hewa) na kusafisha kwa mkono. Nje wanapuliza maganda ya jozi yaliyosagwa, kwa sababu yanakwangua kaboni bila kuchubua chuma. Hapa mafundi wengi wanatumia dawa na brashi, silenda moja baada ya nyingine, valvu ikiwa imefungwa ili uchafu usidondoke ndani. Simama hapohapo ukiangalia hilo la valvu kufungwa. Ukiona fundi anakwangua bila kuzungusha injini kutafuta valvu iliyofungwa, msimamishe.

Kwa tatizo hili Toyota wana D-4S, yenye herufi S mwishoni: ina nozeli za aina mbili, za ndani na za nyuma ya valvu. Mkinunua, tafuteni hiyo S.

Mdau, Tabata

Sasa mbona Mazda hawakuweka tabo na gari zao zinanusa mafuta? Nina CX-5 ya petroli, sina malalamiko.

Mleta uzi

Swali zuri, na mimi nawaheshimu Mazda kwa hilo. Skyactiv-G inapuliza petroli ndani ya silenda pia, lakini walichagua kubana mchanganyiko sana, 13 kwa 1 na kwa baadhi ya masoko 14 kwa 1, wakaacha cc 2000 bila tabo. Hata Toyota mwaka 2018 wakaleta injini ya cc 2000 isiyo na tabo yenye ufanisi wa joto wa asilimia 40. Kwa mtu anayekwenda mikoani kila wiki kwa mwendo mkali, ningemshauri njia hiyo. Injini yenye nafasi haihitaji petroli ya kujipoza. Tabo ndogo inafaa mjini na kwa mguu mwepesi.

Kilichozisukuma sana hizi ndogo ni kodi na vipimo vya maabara. Kipimo cha zamani cha Ulaya kilikuwa cha upole, gari haikanyagwi, kwa hiyo tabo inalala na namba zinapendeza. Tangu Septemba 2017 wanatumia WLTP ambacho ni kikali zaidi. Kwa hiyo ukiona tangazo la gari ya kabla ya hapo linasema kilomita 20 kwa lita, punguza mwenyewe.

Dada wa Kigamboni

Kaka, nimesoma yote, asante sana. Kuna hatchback ya Kijerumani ya cc 1200 ya mwaka 2011 nimeiona yadi, bei ni nzuri kuliko IST. Mimi natumia daraja kwenda kazini Kariakoo, Jumamosi Mbagala kwa mama. Nichukue? Kwenye mfuniko wa mafuta kuna kikaratasi cha Kijapani sijui kinasemaje.

Mleta uzi

Dada, usitoe pesa kwanza. Kikaratasi kipige picha, simu itatafsiri. Magari ya Ulaya yaliyouzwa Japani kwa kawaida yanataka petroli ya daraja la juu, ambayo kule kiwango chake ni oktani (uwezo wa petroli kuzuia injini kugonga) 96 na kuendelea. Ya kawaida yao inaanzia 89. Ukiiwekea ya chini, kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge, nguvu inapungua na ulaji unapanda. Akiba uliyoifuata inaishia hapo. Kwa hiyo uliza sheli oktani kabla hujajaza, na uwe na sheli moja unayoiamini.

La pili ni kubwa zaidi. TSI za cc 1200 na 1400 za kizazi hicho zina cheni ya taimingi (inayozungusha kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati) inayojulikana kwa kulegea. Kizazi kilichoanza 2012 kilihamia kwenye belti. Nenda yadi asubuhi na mapema, waambie wasiiwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti, lazima iwe baridi. Iwashe mwenyewe na usikilize sekunde tano za kwanza. Mlio wa kukereza kama misumari ndani ya kopo ni cheni. Cheni ikiruka, valvu zinakutana na pistoni.

La tatu ni giaboksi. Ikiwa na ile ya gia saba yenye klachi mbili kavu, foleni inaichosha. Mwaka 2013 Volkswagen waliita magari kama milioni 1.6 duniani kubadili oili ya giaboksi hiyo, kwa tatizo la umeme lililoonekana kwenye nchi za joto na unyevu zenye foleni. Hiyo ni Dar kabisa. Kwenye foleni ya darajani usiiache ijikokote nusu mita nusu mita. Subiri nafasi ifunguke, usogee mara moja.

Nenda na fundi mwenye mashine ya kupimia, asome makosa yaliyohifadhiwa na presha ya ile pampu ya juu ya injini. Mlipe fundi wako mwenyewe, usitegemee wa yadi.

Fundi, Buguruni

Na afungue mfuniko wa oili aangalie ndani. Ukiona ukoko mweusi kama masizi ya sufuria, ondoka. Asidanganywe na injini iliyooshwa ikang'aa nje.

Mdau, Sinza

Kuna ile ya kuacha gari iungurume dakika mbili kabla ya kuzima. Bado inahitajika?

Mleta uzi

Ukitoka foleni umeshakwenda taratibu, zima tu. Ukitoka Chalinze umeikimbiza halafu ukaingia moja kwa moja kuegesha, iache dakika moja au mbili. Tabo ikiwa ya moto sana na oili ikasimama ghafla, inaungua ndani na kuganda kwenye bomba lake. Nyingi za sasa zina pampu ndogo ya umeme inayoendelea kuzungusha maji baada ya kuzima. Ukisikia mlio wa feni gari imezimwa, usiogope.

Dada wa Kigamboni

Narudi na mrejesho. Nilifika saa moja kasoro, boneti ilikuwa ya vuguvugu. Nikauliza, wakasema walikuwa wanaihamisha. Nikarudi kesho yake saa kumi na mbili, mlinzi akanifungulia, nikaiwasha ikiwa baridi kabisa. Cheni ililia kama ulivyosema, halafu ikanyamaza kama hakuna kitu. Nimeiacha. Yadi nyingine nimepata ya 2014, injini ya belti, kitabu cha sevisi kipo na mihuri. Fundi wa shemeji ameipima, makosa hakuna, mfuniko wa oili msafi. Nimelipia jana.

Mleta uzi

Hongera sana dada, umefanya jambo ambalo wanaume wengi humu hatukulifanya. Kurudi siku ya pili ndiko kulikokuokoa.

Wiki hii mwaga oili yote iliyomo bila kujali waliyokuambia yadi, badili chujio la oili na la hewa, fungua plagi uzitazame. Uliza belti ilibadilishwa lini. Kama mihuri haisemi, ibadilishe pamoja na pampu ya maji. Halafu jaza tenki mpaka bomba likatike lenyewe, na uandike kilomita kabla hujatoka sheli. Tenki la kwanza usiliamini, kompyuta bado inajifunza mafuta yetu. Tuletee la pili na la tatu hapahapa, tulinganishe na langu.